Pepo Asiyetaka Kitu

Mtopanga, Kisauni
14 Januari 2024

Kwako Philister,

Sauti ni moja tu. Katika zile wiki zilizokatwa kichwani mwangu sina sura ya mtu, sina harufu, sina hata maumivu. Nina sauti. Krr, krr, krr. Kitu kigumu kinasagana na kitu kigumu, polepole, karibu sana na sikio langu, bila kuchoka. Nimeshaamua kwamba ni mbuzi, kwamba mama alikuwa anakuna nazi karibu na kitanda changu. Lakini nani hukuna nazi katika wodi ya wagonjwa mahututi?

Nakuandikia barua kwa sababu simu inaniponyoka. Ukinipigia leo, kesho nitajua tu kwamba ulipiga. Ulichosema kitakuwa kimekwenda. Daktari anasema hali hii itapungua, na kwamba niandike kwa mkono, niandikiwe, nijibu. Basi nivumilie, wewe na uhamisho wako wa Busia.

Nijuacho ni hiki. Mwezi wa tisa tulikuwa chumbani kwetu Magongo, walimu wawili wa shule moja ya wasichana hapo Changamwe, mimi na Biolojia yangu, wewe na Hisabati yako. Kisha ni mwezi wa kumi na moja, niko kwa mama, nimekonda, na nina kovu chini ya kitovu. Katikati hapana kitu. Mama husema, "Ubongo wako ulivimba, wakakuta na kivimbe kwenye ovari ya kushoto, wakakitoa. Alhamdulillahi, yamepita." Nikiuliza zaidi huinuka. "Yamekwisha hayo, mwanangu. Kunywa uji."

Juzi mpangaji wa jirani, Cheryl, aliniuliza kwa huruma kabisa kama zile ngoma zilinisaidia. Ngoma gani? Za kupunga pepo, akasema, hapa hapa uani. Philister, ubongo wangu ulikuwa unawaka na mama yangu aliniitia ngoma. Tangu siku hiyo hatuna zaidi ya shikamoo na marahaba.

Na liko jambo la harusi. Ni Mfungo Mosi, baada ya Idi. Kwa kina Aqil huko Likoni hawajui lolote. Walipouliza mbona sionekani, mama aliwaambia nimewekwa ndani. Wewe ni mtu wa bara, nikueleze: kwetu mwari anayekaribia kuolewa hufichwa, hatoki, husingwa mwili kwa liwa ya msandali, hufundwa na mwanamke aitwaye somo wake. Siku hizi ni wachache wanaowekwa muda mrefu hivyo, kwa hiyo wakaona ni heshima kubwa. Bi Mwanasaumu, mamake Aqil, akatuma udi na asumini kwa mwari aliyetawa, na mwari alikuwa ana mpira puani.

Siwezi kuingia nyumba ya watu kwa uongo huo. Nataka kumwambia Aqil. Lakini nimwambie nini, ikiwa mwenyewe sijui? Wewe ndiwe uliyeniokoa; hilo nalijua bila kulikumbuka, kwa sababu katika mambo haya yote simwoni mwingine aliyekuwa na akili zake. Niambie yote.

Rafiki yako,
Wardah


Nambale, Busia
28 Januari 2024

Mwalimu wangu Wardah,

Barua! Na mwandiko ule ule wa kunyooka kama ubao wa shule! Mwalimu mkuu wetu aliniletea mwenyewe darasani akitabasamu, akidhani nimeletewa posa. Nimemwacha aamini hivyo, labda ataniheshimu.

Haya, nitakuambia. Ulianza kwa kutolala. Nikiamka nakukuta umekaa unasahihisha madaftari. Kidato cha Pili wote ukawapa alama zote, na chini ya kila jibu ukaandika, "Asante kwa kupumua." Nilicheka, nawe ukacheka. Halafu ukaendelea kucheka nilipokuwa nimenyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa kidogo.

Kisha ukaniambia, "Umevaa uso wa Philister. Mvue, umrudishe." Nikasema wacha mchezo, bana. Hukuwa unacheza. Ulisimama mbele ya gwaride la asubuhi kusoma matangazo, ukasema "wasichana wote" halafu tena "wasichana wote" halafu tena, mpaka wakaanza kulia. Ulianguka pale pale, mwili ukatetemeka.

Zahanati ya kwanza ilisema malaria. Ya pili ilisema mawazo ya harusi. Nami, aki, nilikubaliana na ya pili. Nikampigia mama yako. Alifika na tuktuk, buibui limejaa vumbi, akakushika uso kwa mikono miwili. Hakulia. Aliniuliza, "Amelala lini mara ya mwisho? Ameanza lini kusema hivi? Macho yake huenda upande gani?" Mimi sikuwa nimeangalia macho yako yanaenda upande gani.

Ndiyo, ngoma ilipigwa. Mara moja tu, na haikufika mwisho. Hayo mengine muulize yeye.

Sauti yako siijui. Labda ilikuwa feni.

Kula. Kula vizuri, hata ule uji.

Philister


Magongo
12 Februari 2024

Philister,

Wewe ni mwongo mbaya, na nakupenda kwa hilo. Feni haiwi ngumu.

Unaona anwani. Nimerudi Magongo, nimekaa na Fancy, aliyechukua kitanda chako. Shule wamenipa vipindi vichache. Nikuambie kwa nini nimetoka nyumbani.

Wiki iliyopita nilikwenda kliniki peke yangu. Daktari Judy, ambaye ndiye aliyetambua ugonjwa wangu, alikuwa ananieleza kwa furaha jinsi nilivyopona, na katika maelezo akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Kile kivimbe chenyewe kilikuwa cha kawaida ya aina yake. Nywele, mafuta, jino moja." Akaona uso wangu. "Hukuambiwa?"

Sikuogopa. Nilistaajabu mpaka nikasahau kuinuka kitini. Nilikuwa nimewahi kulisoma jambo hili chuoni, mistari miwili, nikalipita. Chembe ya yai ndiyo yenye kumbukumbu ya kila kiungo. Mara chache hukosea njia, ikaanza kujijenga peke yake, bila mume, bila mimba, ikaota chochote inachokumbuka: ngozi, nywele, jino, na wakati mwingine chembe za ubongo. Askari wa mwili wakipita wakakuta chembe za ubongo mahali pasipostahili, huziona ni adui na kutengeneza silaha za kuzipiga. Silaha hizo husafiri na damu, zikafika kichwani, zikakuta ubongo wenyewe unafanana na yule adui. Hazina kosa, Philister. Zimetumwa. Mwili wangu ulinishambulia kwa uaminifu kabisa. Ukikitoa kivimbe, kiwanda cha vita kinafungwa. Kati ya mambo yote niliyowahi kufundisha, sijui lililo la ajabu kuliko hili, na lilinitokea mimi, na nikafichwa.

Nilifika nyumbani nikamkuta mama juu ya mbuzi, anakuna nazi kwa mkono mmoja na nusu. Kidole chake cha shahada hakikunjiki; anasema kilikatwa na mbuzi hiyo hiyo nilipokuwa hospitali.

"Mama, ulijua kwamba kulikuwa na nywele na jino?"

Mkono ukasimama. "Nani kakwambia?"

"Mwenye haki ya kuniambia. Ulijua?"

"Nalijua."

"Kwa nini ukanificha?"

"Nilichelea watu."

Basi. Hilo ndilo jibu. Watu! Aliyepigiwa ngoma ni mimi, aliyepasuliwa ni mimi, na anayeogopwa ni watu. Nimeelewa aliona nini katika lile jino. Aliona aibu. Labda aliona mtoto wa jini. Nikachukua mkoba wangu.

Nimemwandikia Aqil ujumbe wa kuvunja uchumba. Sijautuma. Bila kuvunja, nitaishi maisha yangu yote ndani ya uongo wa mama yangu, nikichunga nisimwambie mume wangu kovu langu limetoka wapi. Nasubiri barua yako. Wewe peke yako uliniona mimi, hukuona jini wala aibu. Nambie nakosea wapi.

Wardah


Nambale, Busia
21 Februari 2024

Wardah,

Usitume huo ujumbe. Weka simu chini, soma.

Nilimwahidi mama yako kunyamaza. Leo navunja ahadi, na nikimaliza barua hii nitampigia nimwambie nimeivunja.

Unanipa sifa zisizo zangu. Usiku na mchana nilikuwa nasema ni mawazo ya harusi. Siku ya ngoma nilikuwa nimesimama mlangoni, nimefumba macho naomba, na sikuthubutu kusema neno kwa sababu nilijiona mgeni. Sasa sikia kilichotokea.

Yule fundi wa pepo alikaa mbele yako, wanawake wanaimba, ngoma inapigwa. Akauliza, "Wewe ni nani? Wataka nini?" Wewe ulikuwa unatafuna hewa. Akakutajia: halua? Pete? Kanga mpya? Kuku mweupe? Wewe mdomo unatembea tu, macho yako juu. Ndipo mama yako akainuka katikati yao akaweka kiganja juu ya ngoma.

"Basi ngoma."

"Bi Mwanatumu, bado kidogo. Anakuja."

"Haji. Dada yangu alikuwa na pepo, nami nimemuuguza tangu usichana wangu. Pepo huja na haja yake. Huomba, hukasirika, hupewa, huridhika. Mwanangu huyu haombi. Pepo asiyetaka kitu si pepo, ni maradhi. Niitieni gari."

Fundi alikasirika, wengine wakamwambia mama yako amevunja ngoma na jambo litarudi kwa ubaya. Yeye alikuwa ameshakubeba kichwa. Mimi nilishika miguu. Huo ndio uokoaji wangu wote: miguu.

Hospitalini, Daktari Judy alitilia shaka ubongo, na kwa sababu ya ubongo akaomba picha ya tumbo, na picha ikaonyesha ovari. Akasema kitolewe haraka. Ami yako Mohdhar akafika na wenzake. Akasema, "Bi harusi wa watu hapasuliwi tumbo kabla upande wa mume hawajaulizwa. Itakuwaje akiwa tasa?"

Mama yako akamjibu bila kupandisha sauti. "Upande wa mume hawakumzaa. Kalamu iko wapi?"

Nimefundisha Hisabati miaka minne, sijaona mtu akifikia jibu kwa hatua chache namna ile.

Baada ya upasuaji habari ya jino ikatoka, sijui kwa nani. Binamu yako mmoja akasema kumbe ulikuwa na mimba. Mwingine akasema ni mtoto wa jini, ndiyo sababu ngoma ilikataa. Walikuja kukutazama, si kukuona. Mama yako akaweka kiti mlangoni mwa wodi akakaa. "Kilichotoka ni nyama ya mwili wake mwenyewe. Mwenye jengine aniambie mimi, asimwambie yeye." Ule uongo wa kuwekwa ndani aliutunga hapo kitini, ili habari isivuke feri ikafika Likoni kabla hujaweza kusimama na kujibu mwenyewe. Alichelea watu, ndiyo. Lakini ulipomsikia ukamwona amejificha nyuma yako. Wardah, alikuwa amekaa mbele.

Na sauti. Hapakuwa na mbuzi. Yalikuwa ni meno yako. Ulisaga meno mchana kutwa, ugonjwa ndivyo unavyofanya mdomo, na nilikuwa nikitoka nje nisisikie. Siku moja ulimi ukaingia katikati, damu ikatoka, muuguzi yuko kitanda cha mwisho. Mama yako akatia kidole. Muuguzi alipofika alimgombeza vikali, akamwambia hilo halifanywi kamwe, na alikuwa na haki. Mama yako akasema, "Nimesikia, mwanangu," na kidole bado kiko kati ya meno yako, kwa sababu ulikuwa hukiachii.

Mbuzi haikumkata. Sasa wajua.

Philister


Mtopanga
Jumamosi, mwezi 20 Mlisho

Mwanangu Wardah,

Assalamu alaikum. Philister kanipigia simu alia. Nimemwambia anyamaze, hajaua mtu. Kisha nikaona, kama nyinyi mwaandikiana, nami naweza kushika kalamu. Kidole hiki chanisumbua, usinicheke mwandiko.

Sikukwambia habari ya kidole kwa sababu nalikujua. Ungeniomba radhi kila nikikutilia wali. Mimi sikutaka mtoto wa kuniomba radhi. Nilitaka mtoto.

Ngoma niliita, sikatai. Ndilo nililokuwa nikilijua. Nilipoona silo, nikaliacha, nikenda kwa wanaojua jengine. Usinitilie makubwa wala usinitilie madogo.

Habari ya nywele na jino, wallahi sikuona haya. Nalikiona kile kitu, daktari alinionyesha nilipomuomba. Nikasema subhanallah, hata kosa la Mungu wetu lina nywele nzuri. Astaghfirullah, Mungu hakosei, lakini ndivyo nilivyosema.

Hili la kina Aqil ndilo lanikosesha raha. Nalisema uko ndani, wakafurahi, na kila wakifurahi nami nazidi kufungika. Kulifunga nimelifunga mimi. Kulifungua sijui. Ukitaka kulifungua, usende Likoni peke yako. Nitakaa kando yako, na nikiulizwa nitajibu.

Jana nimepika samaki wa kupaka, hapana mlaji. Ramadhani yaja. Kitanda chako nimekitandika.

Mamako,
Mwanatumu


Mtopanga
8 Machi 2024

Philister mpenzi,

Nimerudi nyumbani. Sikumwomba radhi, alinikataza kwa maandishi. Nilipofika nilikaa juu ya mbuzi nikakuna nazi, na yeye akakaa karibu akinicheka kwa jinsi ninavyokuna. "Taratibu, wakwaruza kifuu. Hicho nacho chataka kuliwa?" Yalikuwa ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza marefu tangu mwaka jana.

Namtazama sana siku hizi. Nilikuwa nikidhani akili ni kujua jambo sahihi tangu mwanzo. Zahanati mbili zilijua, nami nilijua, nawe ulijua. Yeye alikuwa amekosea mbele ya kaumu nzima, na ngoma aliyoiita mwenyewe, akaweka mkono juu yake. Sidhani ningeweza. Ningeiacha imalizike kwa kuona haya.

Jana alasiri tulivuka kwenda Likoni. Bi Mwanasaumu alitukaribisha kwa kahawa na kaimati, akashangaa kuona mwari ametoka. Aqil alikuwepo, alikuwa ametoka zamu yake bandarini mapema, akakaa karibu na mlango kama mtu aliyeambiwa asikae sana. Nikasema yote: madaftari, gwaride, ngoma, kisu. Nilipofika kwenye nywele na jino, Bi Mwanasaumu akaweka kikombe chini.

"Jino? La mtu?"

"Langu, mama. Liliota pasipo mahali pake."

"Moja?"

"Moja."

"Na kizazi?"

Mama akajibu hapo, kama alivyoahidi. "Ovari ya kulia nzima, kizazi kizima. Daktari yuko, mkitaka mwende mkamuulize. Uongo wa kuwa alikuwa ndani ni wangu, si wake. Kama kuna wa kulaumiwa, mimi hapa."

Kisha Aqil akaniuliza mimi, si mama yake. "Na mimi wanikumbuka?"

"Wewe nakukumbuka. Nilichopoteza ni udi mlionitumia. Sijui ulinukia vipi."

Akacheka, akafunika mdomo. Bi Mwanasaumu alimtazama mwanawe kwa muda, akanitazama mimi, akamtazama mama na kile kidole kilichonyooka kwenye kikombe cha kahawa. Ni mwanamke mwenye akili, na nadhani ni mwema. Akasema, "Harusi iko pale pale. Lakini sharti ni moja, nawaomba kwa heshima. Neno hili liishie hapa chumbani. Likoni ina midomo. Wajukuu wangu wasije wakaitwa majina. Tumekubaliana?"

Mama aligeuka akanitazama, na niliona kwamba jibu ameniachia.

Philister, lile sharti lilikuwa jepesi. Mtu mwingine angesema ndiyo, akanywa kahawa yake. Nami nampenda Aqil, sikufichi. Ila asubuhi ile ile, kabla hatujavuka, nilikuwa nimeingia Kidato cha Tatu kufundisha kinga ya mwili. Nilichora ovari ubaoni, nikachora jino ndani yake, nikawaambia wasichana arobaini jina la mwenye ovari hiyo. Niliwaambia mwenzao akianza kutolala, kucheka peke yake, kumkana rafiki yake, wasingoje ngoma wala wasingoje mtu aseme ni mawazo. Wamwambie daktari aangalie ubongo, na akiukuta umevimba aangalie na tumbo. Niliwaambia pia kuhusu mwanamke aliyesimamisha ngoma. Kisha nikawapa kazi ya kuandika wakiwa nyumbani, waisome mbele ya mama zao. Wengi wao wakaa Likoni.

Nikamwambia Bi Mwanasaumu, "Nisamehe, mama. Hatujakubaliana. Asubuhi nimeshalifundisha."

Wako,
Wardah